Injini ya HO ya zamani isiyo na soketi: kuitia dikoda ya DCC bila kuiunguza

Bogi_Tatu

Habari zenu wakuu. Nina injini ya treni ya modeli, Athearn SD40-2 ya HO (kipimo cha 1:87), ile ya boksi la bluu. Kwa umeme wa kawaida wa DC volti 12 inatembea vizuri. Nataka kuihamishia DCC (mfumo wa kuendesha treni za modeli kwa amri za kidijitali zinazopita relini), ila haina soketi ya pini 8 wala ubao wowote ndani. Kuna mota, bamba refu la chuma lililolala juu ya mota likigusa bogi zote mbili (fremu zinazobeba magurudumu), na globu moja ya mbele iliyokaa kwenye kishikio cha chuma. Basi.

Dikoda niliyonayo, yaani ubao mdogo wa kupokea amri ndani ya injini, ni ya waya 9. Imeandikwa ampea 1 mfululizo, ampea 2 kwa muda mfupi.

Nimepima kwa multimita mota ikiwa bado ndani ya chesesi. Kati ya kaboni ya juu na kaboni ya chini (brashi zinazolisha mota umeme) napata ohmu 8. Kati ya kaboni ya chini na chesesi napata ohmu 0.

Naomba kujua: hiyo ohmu 0 ni hitilafu au ndivyo ilivyotengenezwa? Dikoda ya ampea 1 itaimudu mota hii? Globu ibaki au niweke LED? Na stesheni ya amri, kifaa cha kutuma amri relini, bado sina. Nipo Dar, kuna njia isiyo ya gharama kubwa?

Fundi_Kaboni

Karibu mkuu. Ohmu 0 si hitilafu, na umefanya vizuri kuipima kabla ya kugusa dikoda.

Injini hizi zinatumia chesesi nzima kama waya. Magurudumu ya upande mmoja yanapeleka umeme kwenye chesesi kupitia bogi, na kaboni ya chini inauchukua hapohapo kwa kipande cha shaba chenye vimeno viwili vinavyogusa chuma. Magurudumu ya upande wa pili yanaupandisha hadi kwenye lile bamba refu, nalo linalisha kaboni ya juu. Kwa DC ni ubunifu mzuri sana, injini nzima haina waya hata mmoja wa kukatika. Kwa DCC mpangilio huohuo unaua dikoda.

Sababu ni kwamba kwenye DCC reli haziendeshi mota moja kwa moja. Zinabeba umeme unaogeuka upande maelfu ya mara kwa sekunde, na amri zimo ndani ya kugeuka huko: kila nusu ya "1" ni mikrosekunde 58, kila nusu ya "0" ni mikrosekunde 100 au zaidi. Dikoda inaupokea umeme huo, inaunyoosha kuwa DC, kisha inaulisha mota kupitia transista nne zake. Mota haitakiwi kukutana na reli kwa njia nyingine yoyote. Kaboni moja ikibaki inagusa chesesi, umeme wa reli unaingia kwa nyuma kwenye transista hizo na zinaungua papo hapo. Dikoda nyingi zina ulinzi wa kuzidiwa na mzigo, lakini usiutegemee kwa kosa la aina hii.

Kwa hiyo kazi yenyewe ni kuitenga mota. Kuunganisha waya baadaye ni jambo la nusu saa.

Vua bodi kwa kuipanua kidogo pembeni hadi vishikio vinne viachie. Chomoa bamba la juu. Mota imeshikwa na vigingi laini vilivyopenya kwenye matundu ya chesesi. Visukume kutoka chini, usiivute mota kwa flaiwili (gurudumu zito lililo kwenye ekseli yake). Ukiishaitoa, igeuze uone kipande cha shaba cha chini. Hapa uwe mwangalifu sana: kipande hicho ndicho kinachobana springi, na springi ndiyo inayobana kaboni. Ukikibandua haraka springi inaruka. Fanyia kazi ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha, au juu ya trei nyeupe, na maliza upande wa chini kabisa kabla ya kufungua wa juu, ili kila kaboni irudi kwenye tundu lake. Kaboni iliyozoea upande mmoja wa komuteta (sehemu ya mota inayozunguka ikiguswa na kaboni) ikihamishwa hucheza na kutoa cheche hadi ijichonge upya.

Kata vimeno viwili kwa plaizi ndogo na ulainishe kwa tupa. Kisha lehemu waya wa kijivu kwenye kipande *kikiwa nje ya mota*. Ukilehemu kikiwa mahali pake, joto linashuka hadi kwenye plastiki inayoshika kaboni, plastiki inajikunja kidogo sana, na kaboni inaanza kukwama ndani ya tundu. Dalili yake hutaielewa: injini inaenda vizuri, inasimama ghafla, unaigonga kwa kidole, inaenda tena. Waya wa rangi ya chungwa unakwenda kwenye kipande cha juu kwa namna hiyohiyo. Lehemu upande wa ubavuni wa kipande, si chini yake, maana nafasi kati ya mota na sakafu ya chesesi ni ndogo mno na tone la lehemu linatosha kuigusa.

Sakafu ya chesesi chini ya mota iwekee tepu ya Kapton, ile inayostahimili joto, tabaka mbili. Tepu nyeusi ya umeme siipendekezi hapa. Gundi yake inalainika kwa joto la mota, tepu inateleza, na baada ya miezi kadhaa chuma kinabaki wazi.

Rudisha mota, bila dikoda, na upime upya. Multimita iwe kwenye kipimo cha juu kabisa cha ohmu: chungwa na chesesi, kijivu na chesesi, chungwa na kila gurudumu, kijivu na kila gurudumu. Kote mita isisome chochote. Usipime injini ikiwa imetulia tu. Zungusha flaiwili mzunguko mzima, sukuma mota kushoto na kulia, pinda bogi hadi mwisho wa uwezo wake pande zote mbili. Mguso wa mara moja kwenye kona kali unatosha kuua dikoda sawasawa na mguso wa kudumu.

Kuhusu ampea. Volti 12 kugawa kwa ohmu 8 ni ampea 1.5 mota ikikwama kabisa. Na kwenye DCC ya HO reli huwa na volti 14 hadi 15, kwa hiyo ukweli ni zaidi ya hapo kidogo. Kwa dikoda yako hiyo ni mpakani. Ila usinunue nyingine kwanza, isafishe mota. Unga wa kaboni unajaa kwenye mifereji midogo kati ya vipande vya komuteta na kupitisha umeme pembeni, ndiyo maana ohmu zinashuka. Pamba yenye spiriti ya isopropili kwa juu, kijiti cha meno kilichochongwa ncha kwa ndani ya mifereji. Usitumie sindano wala kisu, vinaacha mikwaruzo inayokula kaboni. Ikikauka, zungusha flaiwili polepole na uchukue kipimo cha chini kuliko vyote, si cha kwanza utakachokiona.

Halafu fanya kipimo cha kweli: DC volti 12, mita kwenye tundu la ampea 10, shika flaiwili kwa sekunde moja tu, soma, achia. Ikiwa ampea 1 au pungufu, dikoda yako inatosha. Ikiwa kati ya 1 na 1.3 bado itafanya kazi, mradi gia ziwe laini na usiifungie dikoda ndani ya mpira usiopitisha hewa. Ikizidi hapo tafuta dikoda ya ampea 1.5 au zaidi, au ubadilishe mota yenyewe.

Rangi za waya, kwa kufuata kiwango cha NMRA (chama cha treni za modeli cha Marekani):

nyekundu: reli ya kulia
nyeusi: reli ya kushoto
chungwa na kijivu: mota
nyeupe: taa ya mbele
njano: taa ya nyuma
buluu: chanya ya pamoja ya taa zote
kijani na zambarau: kazi za ziada

Nyekundu na nyeusi zikibadilishana hakuna kinachoharibika, DCC haijali. Kosa kubwa ni kuidhani nyeusi kuwa ni hasi. Siyo hasi, ni reli. Hasi ya dikoda huwa ni nukta ya kulehemu kwenye ubao wake, na dikoda nyingi za waya 9 hazina waya wake kabisa.

Chesesi ni aloi ya zinki, lehemu haishiki. Toboa milimita 1.6, kata uzi wa M2, funga waya kwa skrubu na pete ndogo. Piga tupa mahali hapo kwanza pang'ae.

Taa_ya_Mbele

Nijibu la globu, maana Fundi kamaliza ya mota.

Toa globu pamoja na kishikio chake. Upande mmoja wa globu hiyo ni chesesi, yaani reli, na upande wa pili ulikuwa bamba la juu, yaani reli nyingine. Watu huiacha, wakaunganisha waya mweupe upande mmoja na chesesi ikabaki upande wa pili. Inawaka, lakini inapata umeme kwenye nusu moja tu ya wimbi, inafifia na kumeta. Wakiona hivyo wanajaribu kuunga waya wa buluu kwenye chesesi ili iongeze mwanga. Hapo ndipo dikoda inapoungua. Waya wa buluu usiguse chesesi kwa hali yoyote ile.

LED nyeupe ya milimita 3 inatosha kwa pua ya SD40-2. Mguu mrefu kwenye buluu, mguu mfupi kwenye nyeupe kupitia rezista ya kilo-ohmu 1. Hesabu: buluu ina volti 14 hivi, LED inakula volti 3, zinabaki 11, kwa ohmu 1000 ni miliampea 11. Joto kwenye rezista ni wati 0.12, kwa hiyo chukua ya robo wati, si ya moja ya nane, ambayo itakuwa kwenye ukingo wake muda wote. Mwanga ukikuumiza macho, na LED za sasa ni kali, panda hadi kilo-ohmu 2.2 au hata 4.7. Kwa injini ya miaka ile mwanga wa njano uliopoa unapendeza zaidi kuliko mweupe wa hospitali. Tafuta LED iliyoandikwa nyeupe ya joto.

Kila LED na rezista yake. Kuweka rezista moja kwenye waya wa buluu ili ihudumie taa zote mbili kunafanya kazi hadi siku utakapowasha zote pamoja, ndipo zote zinafifia.

Ukilehemu miguu ya LED vika kila mmoja kimpira kinachosinyaa kwa joto. Miguu miwili iliyo wazi karibu na chesesi ni shoti inayosubiri.

Garratt_59

Kwa stesheni ya amri: kwa aliyepo Dar au Nairobi njia nafuu ni DCC-EX. Ni programu huria, unaipakia kwenye Arduino Mega 2560 (ubao mdogo wa kompyuta) na juu yake unapachika motor shield ya Arduino (ubao wa kuendesha mota, ambao hapa unalisha reli). Vyote viwili ni bidhaa za kawaida kwenye maduka ya elektroniki, Kariakoo na Luthuli Avenue utauliza tu. Adapta ya volti 15 DC, ampea 3, kwa ajili ya reli, na Mega uilishe peke yake kwa USB.

Jambo la lazima kabla ya kupachika shield: upande wake wa chini kuna njia nyembamba iliyoandikwa Vin Connect. Ikate kwa kisu chenye ncha na uhakikishe kwa mita kwamba imekatika. Isipokatwa, volti 15 za reli zinaingia kwenye rigulita (kidhibiti volti) ya Mega.

Chipu ya shield hiyo ni L298, inameza karibu volti 2 njiani. Ukiingiza 15 unapata 13 hivi relini, inatosha kabisa kwa HO. Inabeba ampea 2 kwa kila upande, yaani injini mbili tatu. Upande A ni reli kuu, upande B ni reli ya kupangia, yaani kipande cha pekee cha kusoma na kuandika mipangilio ya dikoda. Uendeshaji: simu ya Android yenye Engine Driver, au kompyuta yenye JMRI, ambayo nayo ni ya bure na inakusomea CV zote (mipangilio iliyohifadhiwa ndani ya dikoda) kwa majina badala ya namba.

Sasa utaratibu. Injini iliyotoka kutiwa dikoda haiendi reli kuu. Inaanzia reli ya kupangia, kwa sababu kiwango cha NMRA kinataka umeme wa pale uzuiwe kwenye miliampea 250. Kama umekosea waya, kiasi hicho kidogo kinakupa nafasi ya dikoda kupona. Soma CV8, namba ya mtengenezaji. Ikisomeka, nyekundu, nyeusi na mota zimeunganishwa.

Kisha andika namba ya injini. CV1 ni namba fupi, kiwandani huwa 3. Watu wengi hutumia namba iliyochorwa kwenye kabini, na namba ndefu inakaa kwenye CV17 na CV18. JMRI inakufanyia hesabu, lakini ni vizuri uijue. Tuseme namba ni 5918, ya ile injini ya mvuke ya Garratt iitwayo Mount Gelai iliyopo Makumbusho ya Reli Nairobi: 5918 gawa kwa 256 ni 23, inabaki 30. CV17 ni 192 jumlisha 23, yaani 215. CV18 ni 30. Andika 17 kwanza, 18 baadaye.

Halafu CV29, ambayo ni jumla ya vitu kadhaa: 1 ni kugeuza mwelekeo, 2 ni hatua 28 au 128 za kasi, 4 ni kuruhusu DC, 32 ni kutumia namba ndefu. Wewe weka 34, yaani 2 na 32. Ile 4 iache nje. Dikoda ikiruhusiwa DC, kukitokea shoti au mkatiko mbaya relini inaweza kudhani imewekwa kwenye layauti (mtandao wa reli za modeli) ya DC, na injini inaondoka kwa kasi yote.

CV3 na CV4, kuongeza na kupunguza mwendo, anza na 10 kila moja. CV5 ishushe, SD40-2 halisi haikuwa treni ya mwendokasi.

Bogi_Tatu

Asanteni sana wakuu, majibu yamenifungua macho. Marejesho: baada ya kusafisha komuteta kipimo cha chini ni ohmu 11, na ikishikwa kwa volti 12 inakula ampea 1.05. Mota haigusi chesesi popote, nimepinda bogi zote. LED imewaka na rezista ya 2.2.

Tatizo ni reli ya kupangia. Nikisoma CV8, mota inashtuka kidogo, tiktik, lakini DCC-EX inasema hakuna jibu. Mara moja moja inasoma, na inasoma namba tofauti. Reli kuu kwa namba 3 inatembea, ila inakatakata ikipita polepole. Nyekundu nimefunga kwenye chesesi kwa skrubu, nyeusi kwenye kile kimnara cha chuma cha bogi ya mbele.

Pili: nikiamuru mbele inarudi nyuma, lakini taa ya mbele inawaka sawasawa na amri.

Fundi_Kaboni

Ohmu 11 na ampea 1.05, dikoda yako inafaa. Endelea nayo.

Mota kushtuka maana yake dikoda inaelewa swali na inajibu. Inavyojibu ni hivi: inaipa mota umeme kwa milisekunde 6 hivi ili matumizi yapande angalau miliampea 60, na stesheni inahesabu mpando huo. Ukiona tiktik lakini stesheni haioni kitu, mpando unapotea kati ya gurudumu na reli. Kukatakata kwa mwendo mdogo ni ugonjwa huohuo. Kwa DC hukuuona kwa sababu flaiwili iliibeba mota kupita penye mkatiko. Dikoda haina flaiwili, ikikosa umeme inazima na kuanza upya.

Umefunga nyeusi kwenye bogi moja tu. Bamba la juu ndilo lililokuwa likiunga vimnara vyote viwili na wewe umeshalitoa, kwa hiyo upande huo unachota umeme kwa magurudumu 3 badala ya 6. Peleka waya mweusi kwenye vimnara vyote viwili. Tumia waya laini wenye nyuzi nyingi, uache ulegevu wa kutosha bogi ipinde bila kuvutwa, vinginevyo injini itaruka reli kwenye kona na utalaumu reli.

Upande wa nyekundu ni mbaya zaidi ingawa unaonekana umekamilika. Umeme unatoka kwenye bogi kwenda chesesi kwa kugusana tu pale bogi inapokalia. Kuna oili ya miaka, kutu na wakati mwingine rangi ya kiwandani. Shusha bogi zote mbili, piga brashi ya waya pale zinapogusana na chesesi pande zote, futa kwa spiriti, usirudishe grisi hapo. Dawa ya kudumu ni kulehemu waya mwekundu moja kwa moja kwenye bamba la chuma la kila bogi na kuiacha chesesi bila kazi yoyote. Nakushauri ufanye hivyo. Lehemu haraka, pasi yenye moto wa kutosha na ncha safi, kwa sababu nyuma ya bamba lile kuna plastiki ya gia. Ondoa gia kwanza kama unaweza.

Na angalia magurudumu. Kama ni meusi-kijivu, yasiyong'aa, ni yale ya unga wa chuma uliochomwa. Uso wake una vitundu vidogo vinavyoshika uchafu na kukwaruza reli. Yabadilishe kwa ya fedha ya nikeli. Ningetoa pesa ya magurudumu kabla ya kufikiria dikoda ya sauti, kwa injini yoyote ya kundi hili.

Hilo la mwelekeo: taa iko sahihi, mota ndiyo kinyume, kwa hiyo badilishana chungwa na kijivu. Usitumie CV29 hapa. Kuongeza 1 kwenye CV29 kunageuza mota na taa kwa pamoja, na utabaki na taa ya nyuma ukienda mbele.

Kivuko_Na_Reli

Naomba nidandie uzi huu. Nina Lima ya dizeli yenye mota bapa ndani ya bogi, na Tri-ang ya mvuke yenye mota ya X04. Kanuni ni hiihii?

Fundi_Kaboni

Kanuni haibadiliki, sehemu za kukata ndizo tofauti.

X04 ni rahisi kuliko zote. Kaboni zake mbili zinabanwa na springi moja yenye miguu miwili. Mguu mmoja umevikwa kimrija cha kuzuia umeme, mwingine uko wazi ukigusa fremu ya mota. Vika kimrija mguu wa pili, lehemu waya kwenye kila kishikio cha kaboni, na mota imetengwa. Hakikisha na mita, maana kimrija cha zamani huwa kimekauka na kupasuka; badilisha vyote viwili. Mota hizo zinakula umeme mwingi sumaku ikichoka, kwa hiyo kipimo cha kushika kwa volti 12 ni cha lazima kabla ya kuchagua dikoda.

Lima: kaboni moja inapata umeme kutoka chuma cha bogi ya mota, nyingine kwa waya kutoka bogi ya pili. Fuata kwa mita uone ni ipi inayogusana na chuma, kata muungano huo, na kila kaboni iwe na waya wake. Lima pia huchota umeme kwa magurudumu machache mno, upande mmoja kwenye bogi moja na upande wa pili kwenye nyingine. Ongeza vichota umeme vya waya wa shaba ya fosforasi, unene wa milimita 0.3 hivi, vinavyogusa mgongo wa magurudumu. Magurudumu yenye mpira wa kukaza hayapitishi umeme, usiyahesabu.

Na kwenye injini zote za Ulaya na Uingereza: ukikuta kapasita imeungwa kati ya nyaya mbili za mota, au koili ndogo ziko njiani, toa kapasita. Dikoda hukata umeme mara nyingi kwa sekunde na kupima volti ambayo mota inazalisha ikijizungukia, ili ijue kasi yake. Kapasita inachafua kipimo hicho na injini inaenda kwa kushtukashtuka kwenye hatua za chini.

Garratt_59

@Bogi_Tatu nyongeza kwa upande wa DCC-EX. Kama baada ya kusafisha bogi bado inasoma kwa kubahatisha, shusha kiwango cha mpando kinachosubiriwa: andika `<D ACK LIMIT 30>` kwenye dirisha la amri, kisha jaribu kusoma CV8 tena. Hiyo ni kwa mota zinazokula kidogo. Kwa mota yako ya ohmu 11 sitarajii uihitaji, kwa hiyo usianze nayo ukaficha tatizo la mguso.

Na ukifikiria kuongeza kapasita ya kubeba injini kwenye reli chafu, fanya hivyo baada ya kumaliza kupanga CV, au weka swichi ndogo. Ikiwa imeungwa, kapasita inajaza umeme wakati stesheni inasubiri jibu na usomaji unavurugika. Inaungwa kati ya buluu na nukta ya hasi ya dikoda, kapasita ya volti 25, rezista ya ohmu 100 kwenye njia ya kujaza na dayodi sambamba nayo kwa ajili ya kutoa, mstari wa dayodi ukielekea buluu. Bila ile rezista, injini kadhaa zikiwashwa pamoja zinavuta umeme kwa mkupuo na shield inajizima ikidhani ni shoti.

Bogi_Tatu

Nimepeleka nyeusi kwenye vimnara vyote viwili na nyekundu moja kwa moja kwenye mabamba ya bogi. CV8 inasomeka kila nikijaribu, bila kubadilisha LIMIT. Chungwa na kijivu nimebadilishana. Swali la mwisho: dikoda niilaze wapi? Juu ya mota kuna nafasi ila pana joto.

Fundi_Kaboni

Si juu ya mota. Ilaze nyuma, juu ya gia ya bogi ya nyuma, chini ya paa la kofia ndefu (sehemu ndefu ya bodi nyuma ya kabini). Ibandike kwenye *paa la bodi* au kwenye daraja dogo la plastiki, kwa tepu ya povu yenye gundi pande mbili, upande wenye chipu kubwa ukiachwa wazi upate hewa. Nyaya zifunge pamoja kwa kipande kidogo cha Kapton mbali na flaiwili. Waya uliolegea ukigusa flaiwili unamenywa ganda lake bila wewe kusikia chochote.

Kabla ya kufunga bodi, iendeshe dakika 15 kwa kasi ya kati ikivuta mabehewa, kisha gusa dikoda. Ikiwa ya vuguvugu, funga. Ikiwa huwezi kuweka kidole kwa sekunde tano, kuna gia inayobana au mota inakula kuliko ulivyopima, na bodi ikifungwa joto litaongezeka.